Sabuni Niliyosema Imetulia

Susu,

Ile sabuni iliyochoma watu Krismasi iliyopita haikuwa kosa lako. Lilikuwa langu.

Nimeandika hivyo kwanza kabla sijaogopa. Najua barua ya heshima huanza na salamu, na wewe ulikuwa mtu wa salamu, hakuna aliyepita mlangoni kwako bila kuulizwa ameamkaje na watoto wameamkaje. Lakini nikianza na salamu nitazunguka. Nitakuambia Mwende amemaliza kuota meno, Mutua amepata kazi ya kuchomelea mageti, na karatasi itajaa kabla sijasema. Kwa hivyo nimesema. Sasa nisikilize mpaka mwisho, tafadhali.

Nilikuwa nakuita Mum, kama mume wangu Mutua alivyokuita. Mwende alipozaliwa ndipo ukawa Susu kwetu sote, bibi kwa Kikamba, hata kwangu mimi Mluhya, ingawa ana kwa ana mdomo wangu ulibaki na Mum. Nakumbuka ulivyokuja kwetu Kianda kumwona. Wengine walileta sukari na unga. Wewe ulileta kipande cha sabuni yako kwenye karatasi ya kaki, imefungwa kwa uzi wa katani. Ukakinusa, ukaninusisha. "Haina marashi. Acha mtoto anuke mtoto."

Ulikuwa umefulia watu nguo tangu Mutua akiwa mdogo, na ulisema mtu wa kufua ndiye anayejua sabuni mbaya inafanyia mikono nini. Ndiyo maana kila Novemba, wiki ya kwanza, ulichukua mafuta ya ng'ombe kwa mchinjaji wa hapo Kawangware, ukayayeyusha, ukayachuja kwa kitambaa, ukachemsha majani ya mwarobaini. Halafu kostiki, ile soda kali inayochoma. Halafu mwiko, saa nzima, mkono mmoja ukichoka unapokea mwingine. Sabuni ikikaa kwa rafu wiki sita ilikuwa inafika Krismasi imetulia, haichomi ngozi. Nyumba tisa. Mama Wangui mwenye ploti, wapangaji wenzako, wale wawili wa kwaya, rafiki yako Mama Syombua aliye fundi wa cherehani kule Satellite. Na sisi.

Mwaka jana miguu yako ilianza kufura mwezi wa kumi. Novemba ukaniita kwako Kawangware. Ulikuwa umekaa kwa kistuli, mizani kati ya magoti, umeshapima kila kitu. Mafuta kwenye ndoo yenye kifuniko, kostiki kwenye kopo ulilolifunga kwa selotepu mara tatu kwa sababu ya Mwende. Ukasema, "Vipimo ni vyangu, mikono ni yako. Ukoroge leo. Usilaze."

Nikasema, sawa Mum.

Sikukoroga siku hiyo. Wala kesho yake. Nilifika nyumbani nikalipandisha kopo juu ya kabati na ndoo kando yake. Mwende alikuwa na homa ya meno siku tatu, hiyo ni kweli. Siku zingine zote sina la kusema. Novemba ndiyo akina mama wanaanza kusukwa nywele za Krismasi, nilikuwa nasuka kutoka asubuhi, nikifika nyumbani vidole vimekufa. Lakini si vidole, Susu. Sikuona maana yake. Madukani kumejaa sabuni zenye picha ya maua, na mimi niliona haya kuwapa marafiki zangu kipande cha rangi ya jivu kinachonuka mwarobaini. Nilikuona kama mtu wa zamani. Nisamehe. Hata hilo sikuwahi kulisema.

Sikukuu ya Jamhuri, Desemba kumi na mbili, ikanikuta bado. Mutua akaangalia juu ya kabati, akauliza, "Hiyo ndoo ya Mum ni ya nini?" Nikasema ni mafuta. Kesho yake alipoenda kazini ndipo nikakoroga, dirisha wazi, mlango umefungwa, Mwende amelala. Ulinifundisha nikoroge mpaka mwiko uache njia kama kwenye uji mzito. Yangu haikuacha njia. Mwende aliamka analia, nikaogopa asije karibu na kostiki, nikamwaga kwa trei hivyo hivyo ikiwa maji maji. Na ile karatasi uliyotaka kila mwaka, ya kuandika tarehe ili ujue wiki zimefika ngapi, niliiandika. Niliandika ile siku ya Novemba uliyonituma. Nilishika kalamu nikaandika uongo, kwa mwandiko ule uliokuwa unawaonyesha majirani, "mke wa Mutua aliishia darasa la nane lakini aki anaandika."

Tukaleta trei kwako siku mbili kabla ya Krismasi. Ukakata kwa waya. Ukasema, "Mbona bado laini?" Nikasema ni hii baridi ya Kianda, Mum.

Halafu ulimi. Wewe hukutoa sabuni hata moja nyumbani bila kuigusa kwa ncha ya ulimi. Ikikuuma ulisema "bado ina hasira," ukairudisha kwa rafu. Lakini wiki ile uling'olewa jino, fizi ilikuwa imeshonwa. Ukachukua kipande, ukakipangusa kwa leso, ukaninyooshea mbele ya wanawake wote wa ploti.

"Leo ulimi ni wako, mwiitu wakwa."

Uliniita binti yako, kwa Kikamba, na nilijua unanipa nini. Nilijua, Susu. Nikagusa. Ilinipiga kama waya ya stima. Macho yakajaa maji, na wewe ukadhani ni furaha. Nikameza mate. Nikasema, "Imetulia, Mum."

Ukawageukia wale wanawake. "Mnaona? Huyu ndiye nitamwachia hii kazi."

Siku baada ya Krismasi tulikuwa kwako tunakunywa chai, Mama Wangui akaingia bila hodi. Kajukuu kake ka wiki chache kalikuwa kameogeshwa na ile sabuni, ngozi ya mapaja ikatoka kama nyanya iliyomwagiwa maji moto. Hakupiga kelele. Aliweka kipande juu ya meza yako, akasema, "Hii yako sitaki tena," akatoka. Ndipo na wengine wakaanza kuongea. Kevo wa nyumba ya pili alisimama pale kwa mfereji anachekesha watu, si unamjua: "Mathe ametuchuna! Krismasi tumekula na ngozi, mwaka mpya tunaingia mifupa tupu!" Ploti nzima ikacheka.

Na wewe hukuuliza hata swali moja. Hukuniangalia hata kidogo. Ulisema, "Ni mimi. Nilipima nikiwa mgonjwa. Macho hayakuona mizani."

Birika lilikuwa mkononi mwangu. Nikakuongezea chai.

Hapo ndipo ningesema. Na kama si hapo, basi siku ile tulipozunguka kuzikusanya. Ulivaa ndara za Mutua kwa sababu viatu vyako havikuingia. Kila nyumba ulibisha, ukasimama wima, ukasema, "Nimekuja kuomba msamaha. Mkono wangu umezeeka." Halafu tukitoka unaegemea ukuta upumue. Na ni mimi nilikuwa nimebeba kiondo. Niliweka vipande ndani kimoja kimoja, na kila kimoja nilisema moyoni, nyumba inayofuata nitasema. Tukamaliza Kawangware. Tukaenda mpaka Satellite kwa Mama Syombua. Vidole vyake vilikuwa vimechomwa na sabuni, akashindwa kushika sindano wiki nzima. Tulisikia cherehani ndani. Tulipobisha ikanyamaza. Hakufungua. Tukangoja. Ukasema, "Twende, ana sare nyingi za kushona, shule zinafunguliwa."

Ulivizika vile vipande nyuma ya ploti. Mizani ukampa mama wa omena. Pasaka haikukukuta.

Wiki zako za mwisho ulikuwa unauliza jioni, "Syombua amepita?" Nikasema labda kesho. Ni mimi niliyekuwa nasema labda kesho.

Kwenye maombi, kabla hatujakupeleka Kitui kukuzika, Mama Wangui alisimama akakusifu vizuri. Alisema uliupasha moto moyo wa ploti ile kama makaa. Mwisho akatabasamu, akasema kosa lako lilikuwa moja tu, ile sabuni. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha matangani, cha mapenzi. Na mimi nilicheka. Jeneza likiwa bado halijafika nilicheka na watu.

Sikuweza tena baada ya hapo. Hata sufuria nikiosha nilikuwa nakusikia.

Novemba hii nilienda kwa mama wa omena nikaomba mizani. Inanuka samaki mpaka leo, ungecheka. Lakini vipimo sikuvijua. Mutua anavijua, kwa sababu utotoni ndiye alikuwa anakusomea namba. Nikamwomba. Akafurahi, akasema utafurahi popote ulipo. Na ile furaha yake ndiyo ilinivunja, nikamwambia yote, nimekaa chini na kopo mapajani. Alitoka nje, alikaa sana. Aliporudi alichuchumaa mbele ya mizani bila kunitazama. "Kusoma nitakusomea. Lakini kuongea, utaongea mwenyewe."

Nilikoroga mpaka mwiko ukaacha njia, halafu nikazidisha. Mutua alimpeleka Mwende kwa jirani. Tarehe niliandika ya siku ile ile. Kila Jumamosi niligusa kwa ulimi, na wiki ya pili iliniuma nikasema pole, hata sijui nilikuwa namwambia nani. Wiki ya sita imenyamaza kabisa. Nimekata, nimefunga kwa kaki na katani. Mafundo yangu ni mabaya.

Jana nilienda kwenye ploti yako. Mama Wangui alikuwa langoni anachagua njahi, maharage meusi. Akaona kaki, akajua. "Ya nyumba yenu? Weka kwa ndoo ya choo."

Nikamwambia. Nilisimama, sikuketi. Mikono yake iliacha njahi.

"Na ukamwacha azunguke na ile miguu?"

Ndiyo.

"Na kiondo alibeba nani?"

Mimi.

Nilitamani anitukane. Badala yake aliita kwa sauti ile yake ya kudai kodi: "Tokeni nje, nyinyi wote mliocheka!" Wakatoka. Akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Mbele ya watu ambao wewe uliinama mbele yao. Sauti ilikatika mara mbili, Mama Wangui akasema, "Hawajasikia hapo." Nikarudia hapo.

"Kevo, wewe ulisema nini Krismasi?"

"Si ilikuwa tu jokes, mathe."

"Ziseme sasa tucheke."

Kevo akajikuna shingo. Akageuka akaangalia mlango wako, si mimi, akasema, "Pole, Mama Mutua." Na yule msichana aliyepanga chumba chako akatoka na sufuria mkononi, anauliza nani anamwita. Hakuna aliyecheka.

Mama Wangui alichukua kipande, akakinusa. Hakunisamehe, nisikudanganye tena. Alisema, "Sitakifungua leo. Maliza nyumba zote. Kwa miguu, usinipandie boda. Ukimaliza uje uniambie, ndipo nitakifungua."

Nikawapitia na wale wawili wa kwaya, nikarudi Kianda nikiwa mwepesi, Susu. Nilikaribia kuimba. Na huo wepesi ndio umenifanya niketi kuandika, kwa sababu nimeuonea aibu. Wewe mzigo huu si wako, na ulikufa nao. Mimi niliyeufunga nimeutua nikiwa na miguu mizima na miaka mbele.

Nimebakisha nyumba moja. Unaijua.

Naogopa ile kuliko zote, na si kwa sababu Mama Syombua atanifukuza. Anifukuze. Naogopa kwa sababu nikimwambia, atajua alikufungia mlango bure. Atajua kwamba ile siku aliponyamazisha cherehani, aliyesimama nje hakuwa na kosa. Atalala na hilo vile mimi nimelala na langu. Mutua anasema labda huyo nimwache, mtu mzima ana presha, marehemu ameshapumzika. Nimefikiria wiki nzima. Nikimwacha, ataendelea kuamini rafiki yake alimharibia mikono kwa uzembe, na mimi nitakuwa nimekaa kwa starehe juu ya urafiki wenu. Hapana.

Kesho nitaenda. Nitamwacha Mwende na baba yake, nitembee mpaka Satellite. Nitabisha, na cherehani ikinyamaza nitasemea hapo nje, kwa sauti, apende asipende kufungua. Nitamwambia kosa la ile sabuni ni langu. Na nitamwambia ulikuwa unamuuliza kila jioni, hukumkasirikia hata siku moja, ulisema ana sare nyingi. Akilia sitakimbia. Nitakaa naye mpaka anyamaze, hata kukiwa giza, hata akinitukana huku analia. Hicho ndicho ninachokuahidi, maana kusema peke yake nimeona ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kukaa ndiyo kazi.

Mum, kwaheri ya leo. Sikuombi uniambie ni sawa.

Ni mimi,
Nekesa wa Mutua.