Arobaini Yangu ya Pili

Mama yangu,

Tangu ututoke sijakuandikia. Leo nnakuandikia nimekaa kitandani kwako, hapa hapa Jang'ombe, mlango nimeurudisha kama ulivyokuwa ukiurudisha wewe nilipomzaa Nasra.

Unaikumbuka ile arobaini? Uji wa pilipili manga unanichoma koo, maji ya moto mgongoni, na wewe kwenye kiti mlangoni. "Bi Zuhura, kanawe kwanza. Mtoto hakimbii." Jirani yetu akanuna, lakini alinawa. Mimi ndani nnaona haya.

Sasa nnatibiwa saratani ya titi, mama. Dawa inapambana na maradhi, lakini inashusha na damu. Safari hii chembe nyeupe, zile zinazotukinga, zilishuka mno, daktari akaiahirisha dawa mpaka zipande. Akasema nisikae na watu wengi, kila anayeingia anawe, nile vilivyoiva vizuri, na nikipata homa niende hospitali saa hiyo hiyo. Nasra alikuwa na mafua, ikabidi tumpeleke kwa dada, huko Kidichi. Alilia. Nami nikalia alipokwisha kuondoka.

Na unajua mtaa wetu, mgonjwa lazima atazamwe. Bi Zuhura alikuja na wenziwe, wifi yangu akawazuia mlangoni, akaanza kuwaeleza habari za chembe.

"Kumbe siye ndo uchafu?" nikamsikia Bi Zuhura.

Nikaita kutoka ndani, "Bi Zuhura, niko arobaini."

Kisha akacheka. "Arobaini bila ya mtoto?"

"Nnailea damu."

Hakuuliza tena. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayekalia kiti chako. Salamu za watu ananiletea dirishani, kachumbari anairudisha pamoja na aliyeileta. Jana nilimsikia akimwambia mumewe, aliyetaka kuingia bila ya kunawa, "Kanzu nyeupe haioshi mikono."

Leo majibu yametoka, mama. Chembe zimepanda. Keshokutwa nnakwenda kuendelea na dawa. Huenda zikashuka tena, lakini sasa tushajua kiti kinawekwa wapi.

Na Nasra karudi, mafua yamekwisha. Nilisikia miguu yake inakuja mbio, halafu Bi Zuhura: "Weye, kanawe kwanza. Mama hakimbii."

Akaingia mikono inadondosha maji. Nikamkumbatia hivyo hivyo, sikungoja akauke.

Nnakuombea dua kila nikinawa.

Mwanao,
mama yake Nasra