Mawese Juu ya Reli

Mujukuu wangu Dido,

Siye wa Bunia tuko muzima. Goti ya bibi yako imepoa kidogo. Unauliza utamuambia tante, shangazi yako, namna gani aache kugusa train yako ya kuchezea.

Nikiwa kijana, amani ikiwa imerudi nusu tu, binamu yangu Lobo alikimbilia kwetu. Jumapili camion, lori ya watu, ingemurudisha kwao Fataki, na nilimuahidi kwanza ataona train yangu ikitembea: reli za bati juu ya ubao, moteur ya phono, ile ya kupiga sahani za muziki, na majiwe ya radio ya kuleta umeme. Kila asubuhi ilikatala! Mama alikuwa anapakaa reli mawese, sawa vile munyororo ya kinga, baiskeli, ili anisaidie. Mafuta inazuia courant, ule umeme. Kwa kumuonea mama haya, sikumuambia. Napangusa, anapakaa. Napangusa tena, anapakaa tena. Nilitaka kulia.

Jumapili camion ikapiga honi. Nikalipuka: "Mama, acha mafuta! Ndiyo inazuia train!"

"Kumbe! Na kinywa uliweka wapi wiki muzima?"

Akapangusa mwenyewe, na kitenge yake ya kanisa. Train ikazunguka mara moja. Lobo akapanda camion akicheka.

Tante yako hapana nabii, mutoto wangu. Muambie.

Babu yako