Jina Langu Mkiani

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza kuhesabu! Majarida yote ya saikolojia ya maktaba yetu, tangu yale ya zamani yenye vumbi la kunipigisha chafya. Mwanzoni waandishi wanaume watupu. Kisha mwanamke mmoja, wawili — siku hizi karibu nusu kwa nusu. Ila jina linalotangulia bado mara nyingi ni la mwanamume.

Na kwenye makala yetu kuhusu hesabu hii, mimi na Profesa? Profesa kasema langu litakaa mwisho. Kwake majina hupangwa kwa umri, heshima kwa wakubwa. Nimehesabu mimi, nimeandika mimi! Nalitaka pale mbele. Imeniuma, nisijidanganye.

Jumatano, 5 Machi
Kuna mwandishi wa zamani aliyetumia herufi za mwanzo tu badala ya jina. Mwanamume au mwanamke? Nimepata namba, nikapiga. Shikamoo mzee! Akaangua kicheko! Marahaba, lakini mzee gani, mimi ni bibi mwenye wajukuu. Mhariri alimwambia wasomaji hawatamwamini mwanamke, ndipo akajificha. Na wenzake waliojificha anawajua. Kesho anakuja.

Ijumaa, 7 Machi
Bibi ni moto! Tangu jana tunapitia zile herufi. Kumbe wengi niliowaweka upande wa wanaume ni wanawake. Jedwali langu limepinduka, nami nacheka tu. Profesa kafurahi, kasema Bibi lazima awe mwandishi mwenzetu. Nikauliza kwa upole: majina bado kwa umri? Bado, kasema. Mwenye pupa hadiriki kula tamu — nikarudi kwenye jedwali.

Jumatatu, 10 Machi
Kikao ofisini kwa Profesa. Kafungua kompyuta, kaanza na jina lake. Bibi kamwuliza, mwanangu, una miaka mingapi? Kajibu. Bibi kataja yake. Lo! Profesa kafuta jina, kakuna kichwa, kasema kwa kweli umri si hoja, tuangalie kazi.

Enhe, kasema Bibi. Na kazi kafanya nani?

Nimeinamia viatu vyangu nisicheke.

Sasa Profesa katoka, eti kufuata chai — na birika limejaa hapa mezani! Naandika haya harakaharaka. Nafasi ya kwanza iko tupu. Bibi kanisogezea kibodi, anaangalia dirishani kama hayupo. Herufi moja nimeshaibonyeza. Profesa huyo anarudi, namsikia kwenye korido. Bibi ananong'ona bila kugeuka: jina zima, mjukuu wangu, usiishie kwenye herufi —