Leo Nimeukalia Muhuri

Kitale, Jumatano, Februari 2009. Asubuhi nilivaa sweta mbili. Kufikia saa tano mabati ya ofisi yalikuwa yanalia kwa joto.

Naandika nikiwa saiba, kwenye kompyuta ya kulipia. Mimi ni mwoga, sitaficha.

Wiki jana nilidanganya kwa maandishi. Mimi ni karani wa shamba la kuku wa nyama, na askari wa geti hafungulii lori bila karatasi ya safari yenye muhuri wangu. Siku hiyo lori liliondoka saa sita mchana kwenda Bungoma. Bosi wangu, Bwana Wekesa, akaniambia niandike saa kumi na mbili asubuhi. Nikaandika. Nina diploma na mwandiko mzuri, na uongo wangu ulipendeza kuusoma.

Kuku walikuwa wamelishwa mpaka shingo zikavimba, kwa kuwa Bungoma huuzwa kwa kilo. Dereva, Mzee Barasa, aliwafunika kwa turubai. Huwafunika kila safari kwa sababu ya baridi ya Kitale, kisha akiteremka kwenye joto halifunui. Akasimama njiani, Kamukuywa, kula ugali. Lori likabaki juani.

Arobaini na mmoja walifika wamekufa.

Mteja wetu, Mama Zuhura, huchinjia nyuma ya duka lake karibu na msikiti. Alinipigia simu. "Binti yangu, mzoga hauchinjwi. Karatasi yako inasema walitoka alfajiri. Sasa wamekufa na nini?"

Bosi akachukua simu akasema ni ugonjwa.

Tangu siku hiyo sijala vizuri.

Leo, saa sita tena, kreti zimepakiwa, kuku wameshiba, turubai limefungwa kamba. Nililisogelea lori nikasikia wanavyohema. Midomo wazi, mabawa yametanuliwa kama watu wanaotafuta upepo kwapani. Nikarudi ofisini, nikauweka muhuri kwenye kiti, nikaukalia.

"Karani, piga muhuri gari iende," bosi akasema.

"Hawataenda na jua hili, Bwana Wekesa."

"Ati? Umekuwa daktari wa kuku tangu lini?"

Mzee Barasa akacheka mlangoni. "Dada, kuku ya Kitale ikipigwa na upepo itakohoa bana. Na si huwezi toa mgeni kwako na njaa?"

"Mgeni hafungwi turubai, mzee."

Askari wa geti akacheka kwa sauti. Bosi hakucheka.

"Toa muhuri."

"Sitoi."

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yangu. Nilidhani angeninyanyua na kiti. Aliniinamia, akinuka jasho, akasema, "Sawa. Washushe. Kesho utaenda nao wewe. Wakifa hata watano, usirudi hapa." Nikasema sawa kabla sijafikiri.

Kisha nikampigia Mama Zuhura, nikamweleza saa ambayo nilipaswa kuandika wiki jana. Akasema, "Nilijua. Nilikuwa nangoja useme wewe." Hakuahidi kuendelea kununua kwetu. Atawaona kesho kwanza.

Jioni hii kuku wamepewa maji tu, kwa kuwa kuku aliyeshiba hupata joto zaidi safarini. Nimewaacha wakilalamika kwa njaa na kunitazama kama mimi ndimi mbaya wao. Wanitazame. Kreti nimepunguza kuku ili kila mmoja apate pa kupumulia.

Kama nimekosea, nitafukuzwa kazi mbele ya msikiti wa Bungoma, na mama yangu atasikia kabla sijafika nyumbani. Naogopa sana. Lakini ningeogopa zaidi kuandika tena ile saa kumi na mbili.

Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa kwenye lori, kando ya Mzee Barasa. Ugali atakula Bungoma. Turubai nimelifungia kabatini, na ufunguo ninao mimi.