Josho Lililofungwa kwa Heshima Yako

Nyumbani, Mbozi

Baba,

Nimeianza barua hii mara nyingi na kila mara nakwama palepale, kwenye kukuuliza hali. Sijui mtu aliye huko uliko huulizwa hali kwa maneno gani. Basi nitaliacha hilo nikupe habari za ng'ombe, maana ndizo ungeuliza kwanza, hata kabla hujavua kofia.

Si nzuri, Baba. Leo zina nafuu, lakini si nzuri.

Ndama wa Karanga amekufa. Yule dume mwenye baka jeupe usoni, uliyekuwa ukimwita Bwana Mkubwa kwa sababu alikataa kusukumwa. Kwanza aliacha kunyonya. Nikampapasa chini ya sikio nikakuta tezi limevimba kama kiazi. Kisha homa, kisha kikohozi, na mwishoni povu jeupe puani. Nililijua jina la ugonjwa kabla hajaanza kukohoa, na kulijua hakukumsaidia kitu. Karanga, mama yake, alisimama karibu naye akilia kwa sauti ya chini mpaka Mama akatoka akaniambia nimwondoe pale, hawezi kusikia tena sauti ya namna ile ndani ya ua wake.

Ni ndigana, Baba, ile homa ya kupe. Imerudi kijijini. Na imerudi kwa sababu ya upendo waliokuwa nao kwako. Nitakueleza, ila usiwakasirikie.

Siku tuliyokuzika watu walijaa ua wetu wakafika mpaka kwenye mibuni ya jirani. Mwenyekiti, Mzee Haonga, akasimama akasema wewe ndiye uliyelitunza josho la kijiji tangu tulipohamishiwa huku kando ya barabara kuu, na kwamba kijiji hakiwezi kuogesha ng'ombe katika maji yako wakati kaburi lako bado bichi. Akasema kama tunavyoweka majembe chini tukifiwa, na josho litapumzika mpaka arobaini yako. Watu wote wakaitikia. Baba mdogo Yona akafunga kufuli, akamletea Mama ufunguo mbele ya kadamnasi, na Mama akaufunga kwenye pindo la kanga. Hakuna mtu aliyewahi kuheshimiwa hivyo hapa kwetu, hata mchungaji wa zamani. Wote tulilia.

Kisha mvua zikaanza, majani yakapanda, na kupe nao.

Unakumbuka likizo ile nilipokusomea kitabu cha baiolojia? Kwamba kupe anaweza kukaa miezi mingi bila kula, amepanda kwenye ncha ya jani, amenyoosha miguu ya mbele hewani, anasikilizia pumzi ya mnyama anayekaribia. Ulikuwa unawatoa kupe kwenye sikio la Karanga ukiwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Ukatazama majani, halafu ukaniuliza, "Sasa huyo ananisubiri mimi au ng'ombe?" Nilicheka. Siku hizi nikipita malishoni sicheki. Naona ncha za majani tu. Naona miguu imenyooshwa kila mahali.

Baada ya ndama wetu, wakafa wa balozi wetu wa nyumba kumi. Kisha mtamba mmoja wa shule. Nikaenda kwa baba mdogo Yona, kwa kuwa sasa ndiye mkubwa wetu, nikamwambia kwa adabu zote kwamba josho lifunguliwe. Alikuwa anapalilia kahawa. Hakuinua kichwa. Akasema arobaini haijafika, na kwamba kijiji kizima kitasema familia ya marehemu imemsahau mapema. Nikaanza kumweleza habari za kupe, wanavyobeba ugonjwa kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine, na kwa nini wewe ulishikilia kila Alhamisi bila kukosa. Hapo ndipo aliponitazama.

"Umesoma Mbeya, sawa," akasema. "Lakini baba yako amefia hapa."

Akainama tena kwenye magugu yake, Baba.

Nilipanda lori la mahindi hadi Vwawa kumtafuta Bwana Mifugo. Pikipiki yake imeegemea ukuta, haina petroli tangu wakati wa vita, na matairi yamelala. Alinipa pole, akasimama kabisa alipolitaja jina lako. Akaniambia josho likikaa bila kuingiwa na ng'ombe, dawa huzama chini, na mvua ikiingia nguvu hupungua, kwa hiyo lazima dawa iongezwe. Lakini akanionya. Ikiwa hafifu kupe hawafi. Ikizidi, ng'ombe wataanza kutetemeka, wataanguka, na huwezi kuirudisha. Nikamwuliza niongeze kiasi gani. Akasema angeweza kujibu kama angeyapima maji, na maji hupimwa Mbeya. Nilikuwa nimemletea chupa ya maji ya josho, niliyoyachota kwa kopo na kamba juu ya uzio. Akaituma kwa basi. Majibu hayajafika mpaka leo ninapoandika.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu mbili badala ya moja. Kwanza niliogopa josho lisifunguliwe. Sasa niliogopa pia lifunguliwe.

Aliyelifungua ni mtani wako, Mzee Sinkala. Unajua alivyo. Siku ya mazishi alivaa gambuti zako, akatembea kwa mwendo wako ule wa kuvuta mguu, akawa anawapanga wazee kwenye mstari kama ng'ombe na kuwauliza kama wamekunywa maji, mpaka Mama mwenyewe akacheka huku anafuta machozi. Nilimfuata kwenye kibanda alichofikia kwa mkwewe, maana hajarudi kwao Tunduma tangu wakati huo. Nikamweleza yote. Alinitania kwanza, akaniambia nitafute mume niachane na kupe. Nilipoanza kutaja walivyokufa ndama mmoja mmoja, akaacha utani. Mzee Sinkala kuacha utani, Baba. Nilishtuka.

Kesho yake alikuja hapa, baba mdogo na Mwenyekiti wakiwa wamekaa uani. Alikuwa na gambuti zako zilezile. Akajilaza chali mlangoni kwa Mama, akasema hatoki mpaka apewe haki yake ya mtani. Baba mdogo akaagiza akamatiwe kuku.

"Kuku mle wenyewe, Wanyiha wachoyo," akasema. "Nataka ufunguo wa josho. Marehemu amenijia kulalamika, anasema kupe hawajaambiwa kuna msiba."

Mwenyekiti alicheka kabla hajajizuia. Baba mdogo hakucheka, lakini mtani hanyimwi, na kila mtu pale alilijua hilo. Ilionekana Mwenyekiti amepata nafuu, kama mtu aliyekuwa anatafuta mlango wa kutokea. Mama akafungua pindo. Alimpa Mzee Sinkala ufunguo, na Mzee Sinkala, akiwa bado amelala chini, akanyoosha mkono akanipa mimi.

Sijawahi kushika kitu kizito namna ile.

Josho ulilijua wewe, si mimi. Nililijua kama mtoto anavyojua kazi ya baba yake, kwa harufu na kelele. Nilijua ng'ombe wanapita kwenye njia nyembamba, wanaruka kwenye mfereji wa maji, wanaogelea kichwa juu, wanapanda ngazi upande wa pili na kusimama mpaka wachuruzike. Lakini siku ile nilisimama ukingoni peke yangu nikaona maji meusi, yametulia, majani ya mparachichi yanaelea juu yake, na mabati mawili ya paa yameng'oka. Mvua ilikuwa imeingia moja kwa moja. Nikashusha ule mti wako wenye alama za kupimia kina. Maji yalikuwa juu sana ya mstari mweupe unaoachwa ukutani na dawa.

Nilikaa pale nikifanya hesabu kwa kijiti kwenye udongo. Nilihesabu maji yaliyo juu ya mstari tu, kwa kuwa hayo ndiyo niliyoamini ni ya mvua. Nikasoma maelezo kwenye pipa la dawa, yale niliyokuwa nakutafsiria. Nikapata jibu. Nikalifuta, nikarudia, nikapata jibu lingine. Nikarudia tena nikapata lile la kwanza, na hilo halikunituliza hata kidogo. Na je, kama uliongeza dawa Alhamisi ile ya mwisho kabla hujaugua, na mstari ule si wa siku ile bali wa zamani? Nilitamani nikuulize hilo moja tu. Ningevumilia kuyakosa mengine yote.

Nilimimina. Tukaivuruga kwa miti mirefu, mimi na Mzee Sinkala, mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha nikawaambia watu kwamba Alhamisi ile wataingia ng'ombe wetu peke yao, na wengine wangoje mpaka jioni waone. Mama alinitazama. Tunao watatu tu sasa, nao ni Karanga na madume mawili ya kulimia. Akasema, "Ni sawa." Halafu akaja kukaa kwenye jiwe karibu na uwanja wa kuchuruzikia, na hakuondoka.

Niliwapitisha mara mbili, kama ulivyokuwa unawapitisha wa kwanza, ili maji yachanganyike. Karanga aliruka vizuri. Alipotoka nilimwona mdogo, manyoya yamemlalia mwilini. Akasimama. Akaanza kutetemeka.

Baba, ilikuwa saa za mchana lakini ukungu ulikuwa haujaondoka, na upepo ule wa kwetu ulikuwa unashuka kutoka mlimani. Ng'ombe aliyelowa hutetemeka. Najua. Lakini ng'ombe aliyekula sumu naye hutetemeka, na hakuna mtu duniani aliyeweza kunitenganishia mitetemo hiyo miwili. Madume yalikuwa yametulia. Ni yeye tu. Niliweka kiganja kwenye ubavu wake, nikaweka sikio. Nilisikia moyo wake na wangu na sikujua upi ni upi. Watu walikuwa wamejipanga kwenye uzio. Baba mdogo Yona alisimama nyuma yao. Nilimwona anamtazama Mama, si ng'ombe.

Nilimsugua Karanga kwa gunia kavu. Nilimsugua mpaka gunia likatatuka. Nilikuwa nasema maneno, sikumbuki yapi, Mama anasema nilikuwa nalitaja jina lako.

Kisha akashusha pumzi ndefu, kooni kikapanda kitu, na taya lake likaanza kwenda huku na huku. Alikuwa anacheua. Ng'ombe anayekufa hacheui. Niliketi chini palepale kwenye matope ya dawa, na Mzee Sinkala akawageukia watu akawaambia, "Mnasubiri nini? Marehemu hapendi uvivu."

Waliingiza wachache jioni ile. Ningependa kuishia hapo. Lakini mtamba wa baba mdogo, yule mweusi, aliingia na wengine akiwa tayari na tezi. Nilimpapasa, nikamwambia baba mdogo mapema kwamba josho linaua kupe, haliwezi kuitoa ndigana iliyokwisha ingia damuni. Sijui kama alinisikia. Mtamba alikufa kabla ya Jumapili. Nje ya kanisa watu walikuwa wanaongea, nilipofika wakaanza kuzungumzia mvua. Mke wa balozi ndiye aliyeniambia: wanasema dawa ya yule binti imeua, na kwamba hukupenda arobaini yako ivunjwe.

Wiki ile sikulala vizuri wala kula vizuri. Kila asubuhi nilipita nyumba kwa nyumba za wale walioogesha, nikijifanya nimekuja kuomba moto au chumvi, ili nione ng'ombe wao wamesimama. Walisimama. Nilipokuta kupe waliokauka wakianguka nilipowagusa, nilitaka kupiga kelele, lakini uani kwa watu huwezi kupiga kelele kwa sababu ya kupe.

Leo ni Alhamisi, Baba. Nilifungua josho mapema, nikavuruga maji, nikakaa. Jua likapanda. Hakuja mtu. Nilijiambia nitafunga, nitaandika maombi ya ualimu tena, nitaondoka. Nilijiambia kwamba heshima waliyokupa itawamaliza ng'ombe wote kijijini, na mimi nitakuwa nimetazama.

Kisha nikasikia fimbo ikigonga uzio. Alikuwa baba mdogo Yona, na ng'ombe wake waliobaki, wote wazima. Hakunisalimia. Alisimama mlangoni akiwatazama wanavyoruka mmoja mmoja, na alipokwisha pita wa mwisho akageuka kuelekea vilimani, akapaza sauti kwa Kinyiha, kama ulivyokuwa unafanya wewe, akiwaita watu walete ng'ombe. Aliita mara nyingi. Sauti yake inafanana sana na yako, sikuwahi kuligundua.

Walikuja. Mpaka sasa mikono yangu inanuka dawa, na karatasi hii nayo itanuka.

Arobaini yako bado. Itakapofika tutapika, tutaimba, na Mzee Sinkala atatuaibisha mbele ya mchungaji. Mimi bado naogopa. Naogopa mstari ule ukutani, naogopa majibu ya chupa kutoka Mbeya yakija yaniambie nilikosea na nilibahatika tu. Lakini nakuahidi jambo moja, nalo nitaliweza hata nikiwa na hofu: hakuna Alhamisi nyingine itakayopita josho likiwa limefungwa, si kwa msiba wa mtu yeyote, hata ukiwa wangu.

Pumzika, Baba. Ng'ombe wameoga.

Binti yako,
Rehema