Matone ya Moyo ya Liévin

Constance, uko? Nimetoka sasa hivi kwa bibi yangu, Kambo Delphine. Nimejua kilichomuua babu.

Élisabethville, Lubumbashi ya leo, 1951. Babu Liévin alilazwa apasuliwe ngiri. Kila asubuhi alikuwa akinywa matone ya moyo. Sista alimwambia mkewe: asubuhi ya kupasuliwa, kitu kisiingie kinywani.

Delphine alielewa kama Mkatoliki wa wakati ule: kama kufunga kabla ya komunyo, hata tone la maji linaharibu.

Liévin akaomba: "Mama Faustin, unipe dawa yangu."

"Hapana, Baba Faustin. Ma sœur alikataza. Utakunywa opération ikiisha."

Daktari akaahirisha. Kesho yake tena. Wiki nzima, Constance! Jioni alikula, lakini matone yalikuwa ya asubuhi tu. Miguu ikavimba. "Mama Faustin, roho inanipiga mbio." Delphine akamfuta jasho, akamnyima.

Pale hospitali hakuna aliyemuuliza Delphine kuhusu dawa. Hakuna.

Siku walipompasua, Liévin hakuamka.

Na leo Kambo ananiambia kwa fahari: "Nilimuchunga muzuri, mutoto wangu. Hata tone moja hakunywa."

Mimi, mfamasia, nikamjibu: "Ndiyo, Kambo."