Konso, Vitabu Vyako vya Wanyonya Damu Havikuchomwa

Konso wangu,

Najua ungeniuliza habari za vitabu kabla hata ya salamu. Havikuchomwa. Tulia, nakueleza.

Siku ya kuanua matanga yako pale kwenu Mlali, shangazi yako alilivuta lile boksi kutoka chini ya kitanda chako akalimwaga uani mbele ya watu. Vikatapakaa: majalada meusi, wasichana wenye macho mekundu, meno, matone ya damu. Vyote vile ulivyokuwa ukivipekua kwa muuza vitabu vya mitumba kule Msamvu, ukivinusa kabla ya kununua. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakaziweka nyungo chini. Shangazi akasema, "Mnaona? Mtoto anaumwa damu, anasoma habari za mumiani. Angeponaje? Kawaita mwenyewe." Kiberiti kilikuwa tayari mkononi.

Hasira ilinipanda, Konso. Ugonjwa wako ulikuwa na jina lake, selimundu, na ulizaliwa nao. Tumboni mwa mama yako hamkuwa na kitabu.

Nikakukumbuka wodini, umetundikiwa damu, kitabu kimelala kifuani, nesi anakuuliza kama huoni kinyaa. Ukamjibu, "Dada, mimi na hawa ni ndugu. Wote tunaishi kwa damu za watu." Yule dada akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alipotoka ukanigeukia mimi, hucheki tena: "Zuhura, humu vitabuni mwenye shida ya damu ndiye anayeogopwa. Huku nje nahurumiwa tu. Nimechoka kuhurumiwa."

Basi nikasimama. Mgeni, mtoto mdogo mbele yao, tena mwenye ushungi kwenye matanga ya Wakatoliki. Nikasema, "Shangazi, heshima yako naijua, lakini hivi havichomwi."

Mtu akaguna. Shangazi akaniuliza nani amenilea.

"Mama yangu," nikamwambia. "Na yeye anajua kwamba selimundu si mumiani."

Mama yako alikuwa ameketi kwenye mkeka tangu asubuhi. Akaninyooshea mkono. "Nisomee kimoja, mwanangu. Nilikuwa namsikia anacheka peke yake chumbani. Nataka kujua alikuwa anacheka nini."

Nikakaa karibu yake. Macho yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili, najikwaa huku na kule. Nikamsomea pale kijana mnyonya damu anapopelekwa ukweni kutambulishwa. Mama mkwe anampakulia nyama, naye chakula cha watu hakimpiti kooni, anaidondosha kimyakimya chini ya meza ale mbwa. Mbwa naye anamwogopa, hali, anabweka tu, na nyama inazidi kulundikana pale chini.

"Mama mkwe haoni?" mama yako akauliza.

"Haoni, mama. Anamwongeza nyingine."

Akacheka. Konso, mama yako alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Halafu akalia. Halafu akasema, "Endelea." Shangazi akakirudisha kiberiti jikoni. Hakuniomba radhi, na sikumngoja aniombe.

Hicho kimoja mama amebaki nacho. Hajui kukisoma, anakiweka kando ya rozari yake. Vingine vyote akanikabidhi mimi.

Sasa ni Juni, shule zimefungwa, baridi ya milimani imeshuka mpaka Mlali na wasichana wanashinda juani wamejifunga kanga mbili mbili. Nimewaletea vitabu vyako. Kila likizo ulikuwa unanipangia cha kusoma utadhani daktari anaandika dawa. Sasa napanga mimi. Mwenye woga nampa kile cha shule ya bweni, maana kinachekesha kuliko kinavyotisha. Aliyeachwa na mpenzi nampa cha yule binti anayegoma kumgeuza mvulana awe mnyonya damu, anamwambia nenda kazeeke huko. Wanaoanza kile kinene nawaambia maneno yako: "Sura za mwanzo zinachosha. Vumilia, wataanza kung'atana."

Na kipo kipya, hukukiwahi. Binti mgonjwa anaambiwa akubali kung'atwa, aishi milele. Anakataa. Nimegombana na kitabu hicho wiki nzima. Mimi nasema angekubali, angekubali bila kufikiri mara mbili! Wewe ungesema... sijui. Hapo ndipo panaponiuma. Sijui ungesemaje.

Baba mmoja alikuja kunifokea, eti nawafundisha mabinti ushetani. Nikamwamkia, nikamwomba akae asikilize sura moja kwanza, ndipo afoke. Hakukaa. Binti yake alirudi kesho yake, kitabu amekifunika gazeti. Nikalibandua lile gazeti. Nikamwambia hapa kwetu jalada halifichwi.

Wengine wamekuandikia upumzike. Mimi siandiki hivyo. Miaka yote walikuwa wanakulazimisha upumzike: usikimbie, usipande mlima, usisome sana, utachoka. Huko uliko, pumzika ukitaka mwenyewe.

Ninachokuahidi ni hiki. Kabla likizo haijaisha nitapanda na wasichana hawa mpaka kule juu ulikokuwa unakatazwa kufika. Tutasoma kwa sauti. Na atakayeuliza hivi ni vitabu vya nani, nitamtajia jina lako lote, Konsolata, wala sitalinong'ona.

Kwaheri, rafiki yangu. Hasira sijaimaliza, na kusoma sijaacha.

Zuhura wako